Zilipendwa na Nani? Kumbukumbu za Majumba ya Gemu na Michezo ya Kulenga Shabaha kwa Mtazamo wa Gihundwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kumbukumbu za majumba ya gemu na za michezo ya kale ya kulenga shabaha zinavyosimuliwa. Uhakiki unafanywa kutoka Gihundwe, wilayani Rusizi, magharibi mwa Rwanda, mahali ambapo historia maarufu za gemu hazipataji. Hoja kuu ni kwamba kinachotamaniwa katika kumbukumbu hizo ni mkataba wa kijamii uliokuwapo baina ya sarafu, ustadi, zamu na watazamaji. Mashine yenyewe na risasi zake ni chombo tu cha mkataba huo. Makala yanaonesha kuwa mkataba huo sasa umerithiwa kwa umbo na kusalitiwa kwa maudhui na mashine za kamari za madukani, ambazo Wanyarwanda huziita ibiryabarezi. Mwisho, yanawashauri watunga sera watenganishe mchezo wa ustadi na mchezo wa kubahatisha kabla ya kuweka katazo.

Istilahi za msingi: zilipendwa, gemu, kulenga shabaha, kamari, Gihundwe

1. Utangulizi

Kiswahili kina neno moja linalobeba hamu ya burudani za kale: zilipendwa. Redioni na katika kumbi za dansi neno hilo hutaja nyimbo za miongo iliyopita; Kinyarwanda nacho huziita nyimbo za namna hiyo karahanyuze. Muundo wa neno la Kiswahili unastahili kuangaliwa. Kiambishi -li- kinaliweka pendo katika wakati uliopita, kiambishi -w- kinalifanya tendo kuwa la kutendwa, na mtenda hatajwi. Msikilizaji anaambiwa kwamba kitu kilipendwa. Haambiwi kilipendwa na nani, wala nani alikitazama kutoka mlangoni kwa kukosa kiingilio.

Makala haya yanalichukua neno hilo kama swali na kulielekeza kwa gemu za sarafu, hasa zile za kulenga shabaha zilizotamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Gemu hizo leo zina fasihi kubwa ya kumbukumbu: vitabu, filamu, makumbusho na majumba yaliyofunguliwa upya ili watu wazima warudie ujana wao. Katika fasihi hiyo miji inayotajwa ni Tokyo, Chicago, New York na London. Kitabu cha Steven Kent cha mwaka 2001 kuhusu historia ya gemu, ambacho kimesomwa na wengi, kinaijenga hadithi yake juu ya Marekani na Japani. Afrika ya Mashariki na Maziwa Makuu haina nafasi ndani yake, isipokuwa kwa njia ambayo wasimulizi hawaitaji, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya tano.

Gihundwe ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, eneo ambalo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu. Inapakana na Kamembe, mji wa biashara ulio kusini mwa Ziwa Kivu. Ng'ambo ya mto Ruzizi uko mji wa Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Biashara ya mpakani imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya kila siku hapo kabla hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na kabla Kongo haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu tatu. Pana kumbukumbu ya bunduki za kweli, kwa hiyo risasi za kwenye kioo haziwezi kusomwa hapo kama pambo. Pako jirani na ardhi ambamo baadhi ya madini ya mashine hizo huchimbwa. Na pamo katika nchi ambayo mashine ya sarafu imekuwa suala la sheria na la malezi.

2. Hamu ya kale kama tatizo la kihakiki

Istilahi ambayo lugha nyingi za Ulaya huitumia kwa hamu ya kale ilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa tiba huko Basel, ili kuutaja ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Ilianza, basi, kama jina la maradhi ya mahali, na baadaye ikawa jina la maradhi ya wakati. Svetlana Boym (2001) anaigawa hamu hiyo katika aina mbili: ile inayotaka kukijenga upya kilichobomoka, na ile inayotafakari umbali uliopo kati ya leo na jana bila kutaka kuufuta. Jumba la gemu linalofunguliwa upya kwa taa zilezile na sauti zilezile ni mfano wa aina ya kwanza. Uhakiki wa makala haya unafuata aina ya pili.

Wataalamu wawili walioandika kuhusu Afrika wanaisogeza hoja hiyo karibu zaidi. William Bissell (2005), akichunguza mji wa Zanzibar, anaonesha kuwa wakazi wanaposifu utaratibu wa enzi za ukoloni huwa wanaukosoa uchakavu na ukosefu wa usawa wa siku zao. Sifa za jana ni lawama kwa leo. Jacob Dlamini (2009), akikumbuka utoto wake Katlehong nchini Afrika Kusini, anasisitiza kuwa kuyatamani maisha ya mtaani wakati wa ubaguzi wa rangi hakumaanishi kuutamani ubaguzi wenyewe. Kwa wote wawili hamu ya kale ni kauli, na kauli huwa na msemaji, msikilizaji na jambo linalodaiwa.

Kauli hiyo pia huzaa hekaya. Mfano unaojulikana ni ule wa gemu ya Space Invaders, iliyotolewa na kampuni ya Taito nchini Japani mwaka 1978. Inasimuliwa mara kwa mara kwamba ilipendwa kiasi cha kusababisha uhaba wa sarafu za yeni 100 nchini humo. Hadithi hiyo imechunguzwa na kuonekana haina ushahidi wa kuiunga mkono, lakini inaendelea kunukuliwa. Mhakiki hapaswi kuishia kuikanusha. Anapaswa kuuliza inafanya kazi gani. Kazi yake ni kuifanya sarafu kuwa kipimo cha pendo: watu walipenda hadi sarafu zikaisha. Wale ambao sarafu ziliwaishia mifukoni kabla ya kucheza hawamo katika hadithi hiyo.

3. Sarafu, zamu na watazamaji

Ili kuona nini hasa kilipendwa, ni lazima kuisoma gemu kama inavyosomwa kazi ya sanaa: kwa kuangalia kanuni zake. Space Invaders, iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado, ina viumbe 55 vilivyopangwa katika safu tano za viumbe 11. Vinashuka polepole kutoka juu ya kioo huku mchezaji, aliye chini nyuma ya ngao nne, akivipiga kimoja kimoja. Kadiri viumbe vinavyopungua ndivyo vinavyokwenda kasi. Kasi hiyo ilitokana na udhaifu wa mashine: kichakataji kilichobeba mzigo wa kuchora viumbe vyote kiliharakisha kazi pale vilipobaki vichache. Nishikado aliiona tabia hiyo akaiacha iwe sehemu ya mchezo. Matokeo yake ni kanuni yenye uzito wa kitamathali, kwamba mafanikio ya mchezaji ndiyo yanayoongeza hatari yake. Gemu haina ushindi wa mwisho. Wimbi moja likimalizika jingine hushuka, mpaka mchezaji ashindwe.

Hapo ndipo mkataba wa sarafu unapoonekana. Mchezaji alijua kabla ya kuanza kuwa atashindwa na kuwa sarafu yake haitarudi. Alichonunua ni muda, na urefu wa muda huo ulitegemea ustadi wake. Asiyejua alitolewa baada ya dakika moja. Bingwa aliweza kukaa muda mrefu kwa sarafu ileile. Mwenye mashine alipata faida kwa wasiojua, na wasiojua walipata elimu kwa kumtazama bingwa. Kwa maana hiyo watazamaji walikuwa sehemu ya mchezo: waliosimama nyuma walijifunza bure, walishauri, walicheka na kungoja zamu. Hata utukufu wa bingwa ulikuwa wa muda. Asteroids, gemu ya Atari ya mwaka 1979, ilimruhusu mchezaji kuandika herufi tatu za jina lake katika orodha ya alama za juu, na orodha hiyo ilifutika umeme ulipozimwa.

Mpangilio huo haukuwa mgeni kwa jamii za ukanda huu. Bao la Kiswahili na igisoro cha Rwanda huchezwa hadharani na watu wawili, huku wengine wakiwazunguka, wakihesabu kete kwa macho na kuingilia kwa maneno. Mtazamaji wa bao hujifunza kwa kukaa barazani. Gemu za video zilipoenea katika Afrika ya Mashariki ziliingia katika utaratibu huohuo. Kwa wengi hazikufika kwa umbo la kasha refu lenye tundu la sarafu. Zilifika kama mashine ndogo za nyumbani, nyingi zikiwa nakala za bei nafuu za Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, zikiwa na kaseti zilizoandikwa idadi kubwa ya gemu ilhali ndani mlikuwa na gemu chache zilizorudiwa. Baadaye zikaja PlayStation. Wenye vibanda walizigeuza mashine hizo za sebuleni kuwa mashine za umma: chumba kimoja, runinga ya chogo, benchi, na malipo kwa mechi au kwa dakika.

Ugeuzaji huo ni tendo la kitamaduni linalostahili kutajwa kwa jina lake. Kampuni zilikiunda chombo cha familia moja. Kibanda kikakifanya cha mtaa. Ni jambo lilelile lililofanywa kwa filamu za kigeni na wasimulizi waliozitafsiri papo hapo, kama Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, mavijei wa Uganda, na wasimulizi wa filamu za agasobanuye nchini Rwanda. Katika hali zote hizi bidhaa iliyokusudiwa mtazamaji mmoja au familia moja iliongezewa sauti ya jirani. Historia inayohesabu makasha ya sarafu pekee italiona eneo la Maziwa Makuu kama mahali pasipo na historia ya majumba ya gemu. Historia inayohesabu zamu na watazamaji itaona kuwa jumba hilo lilikuwapo kwa umbo la kibanda.

Hata hivyo, swali la zilipendwa na nani halijajibiwa. Carly Kocurek (2015) ameonesha jinsi majumba ya sarafu ya Marekani yalivyosawiriwa kama makazi ya wavulana, na jinsi taswira hiyo ilivyowasukuma wasichana nje ya utamaduni wa kompyuta kwa miaka mingi iliyofuata. Kibanda hakiko salama mbele ya hoja hiyo. Benchi lililojaa wavulana jioni, wakati dada zao wanachota maji na kupika, ni usawa wa nusu ya mtaa. Anayesema kuwa kibanda kilikuwa cha wote anapaswa kuulizwa wote ni akina nani.

4. Kulenga shabaha mahali palipo na kumbukumbu ya bunduki

Gemu nyingi zinazokumbukwa kwa hamu ni za kupiga risasi. Galaga, Defender, 1942, Contra na Operation Wolf ni majina yanayorudiwa katika kila orodha ya zilipendwa za gemu. Katika fasihi ya kumbukumbu iliyoandikwa Ulaya na Marekani, risasi hizo huchukuliwa kama mambo ya kitoto yasiyo na lawama. Msomaji wa Gihundwe hawezi kuzichukulia hivyo bila kuuliza.

Aprili 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliotafuta hifadhi Cyangugu walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, na baadhi yao walitolewa humo wakauawa. Waliobaki walihamishiwa kambi ya Nyarushishi. Juni mwaka huohuo wanajeshi wa Ufaransa wa Operesheni Turquoise waliingia Cyangugu kutokea Bukavu. Oktoba 1996 vita viliifikia Bukavu yenyewe, ambako Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa. Mji huo ulitekwa tena na waasi Juni 2004, na Februari 2025 ukaingiwa na wapiganaji wa M23. Mtoto aliyekulia pande hizi aliweza kuijua bunduki kwa mambo ambayo haikuwa na uhusiano wowote na mchezo.

Je, hali hiyo inaifanya hamu ya gemu za risasi kuwa upofu wa kimaadili? Jibu linahitaji kutofautisha gemu na gemu, kwa kuwa hazisemi jambo moja. Nishikado ameeleza kuwa wazo la kuwapiga risasi binadamu liliachwa kwa kuonekana halikubaliki kimaadili. Viumbe wa angani vilichukua nafasi yao. Space Invaders, kwa hiyo, imejengwa juu ya katazo, hata kama mchezaji halijui. Missile Command, iliyobuniwa na Dave Theurer kwa ajili ya Atari mwaka 1980, inakwenda mbali zaidi. Mchezaji ana ngome tatu na miji sita ya kulinda dhidi ya makombora yanayomiminika kutoka juu. Hashambulii mtu yeyote. Anayazuia makombora tu, na hatimaye atashindwa, kwa sababu makombora yanaongezeka kuliko uwezo wake. Miji yote ikiangamia kioo hutangaza mwisho, pasipo kumwambia mchezaji kwamba mchezo umekwisha kama ilivyokuwa desturi ya gemu nyingine. Theurer amesimulia kuwa alipokuwa akiitengeneza aliota ndoto mbaya za vita vya nyuklia. Gemu hiyo ni mojawapo ya kazi chache za burudani zinazomweka mchezaji upande wa raia wanaoshambuliwa.

Operation Wolf, iliyotolewa na Taito mwaka 1987, iko upande mwingine kabisa. Kasha lake lina bunduki iliyofungwa mbele ya kioo, na mchezaji huwafyatulia risasi askari katika nchi isiyo na jina, akitakiwa asiwapige mateka na raia. Raia humo ni kikwazo cha kulenga, na nchi ni mandhari. Kwa msomaji wa Maziwa Makuu, nchi hiyo isiyo na jina inafanana mno na namna eneo lake lenyewe linavyooneshwa katika habari za kimataifa: msitu, watu wenye silaha, na wakazi wasiosema neno. Tatizo la kihakiki la gemu hiyo limo katika ukimya wa watu wanaoishi mahali inapopigwa. Wingi wa risasi ni jambo la pili.

Tofauti hii ina manufaa kwa wanaoshauri kuhusu malezi. Mjadala wa vurugu katika gemu mara nyingi huuliza swali moja tu: kuna risasi au hakuna? Usomaji wa hapo juu unaonesha maswali matatu yenye tija zaidi. Mchezaji amewekwa upande gani? Anayepigwa ana uso na jina, au ni mandhari? Na kanuni za gemu zinamfundisha mchezaji kuwa nguvu yake inaweza kuishinda vita, au kwamba vita haina mshindi? Mtoto wa Gihundwe anayecheza Missile Command na yule anayecheza Operation Wolf wanabonyeza kifyatuo vilevile, lakini hawaelezwi dunia moja.

5. Mashine na ardhi ilikotoka

Kumbukumbu za gemu huanzia dukani au mlangoni mwa jumba, pale mashine inapowashwa. Kutoka Gihundwe hadithi inaanza mapema zaidi. Mikoa ya Kivu, ambayo Bukavu ni mji mkuu wa mmojawapo, ina koltani, mawe yanayotoa tantali, metali inayotumika katika vipasa vidogo vya vifaa vya elektroniki. Mwaka 2000 bei ya tantali katika soko la dunia ilipanda mara kadhaa kabla ya kuporomoka mwaka 2001. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na wanaharakati waliyahusisha mambo hayo mawili moja kwa moja. Uhusiano huo umerahisishwa kupita kiasi, kwani simu za mkononi, kompyuta na hofu ya wanunuzi wakubwa vilichangia pia. Lakini jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililoripoti Aprili 2001 liliweka wazi kuwa biashara ya koltani iligharimia vita mashariki mwa Kongo, na kwamba majeshi na makundi ya nchi jirani yalihusika katika uporaji wa madini.

Umuhimu wa jambo hili kwa uhakiki wa hamu ya kale ni kwamba linamrudisha mtenda aliyefutwa na neno zilipendwa. Gemu ilipendwa na mchezaji, iliuzwa na kampuni, na ndani yake ilikuwa na kazi ya mchimbaji ambaye huenda hakuwahi kukaa mbele yake. Kibanda kilicho upande mmoja wa mto kilipokodisha PlayStation kwa dakika, madini kutoka upande wa pili yalikuwa yamezunguka dunia na kurudi yakiwa na bei ambayo mchimbaji asingeimudu. Haimaanishi kuwa kila mashine ilikuwa na koltani ya Kivu. Inamaanisha kuwa Maziwa Makuu yamo katika historia ya gemu tangu mwanzo wa mnyororo wa uzalishaji, na historia inayoyaacha nje imeanza kusimulia katikati.

6. Sarafu iliyobadili kazi

Neno la Kinyarwanda ikiryabarezi, kwa wingi ibiryabarezi, hutaja mashine za kamari zinazowekwa madukani na katika vituo vya biashara. Msemaji wa Kiswahili anaweza kulifumbua neno hilo kwa urahisi: -rya ni -la, na abarezi, kutokana na kurera, ni walezi. Mashine hiyo ni mla-walezi. Katika matumizi ya kawaida abarezi ni pia walimu, na hivyo jina linabeba shtaka maradufu: kinachotumbukizwa humo ni mshahara wa anayelea na wa anayefundisha. Tanzania mashine za jamii hiyo zinajulikana kama madubwi. Majina haya ya mitaani ni uhakiki uliokwisha kufanywa na jamii kabla ya wataalamu kufika.

Kwa umbo, ikiryabarezi ni mrithi wa mashine ya gemu: kasha, tundu la sarafu, taa zinazokimbizana, muziki mfupi unaorudiwa. Kwa kanuni ni kinyume chake. Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu michezo na watu, anaitenga michezo ya ushindani na michezo ya bahati. Katika ile ya kwanza mchezaji huwajibika kwa matokeo. Katika ya pili hujiachia kwa kudra. Mashine ya gemu ilichukua sarafu na kulipa kwa muda unaorefushwa na ustadi. Ikiryabarezi huchukua sarafu na kuahidi sarafu nyingi zaidi, na hakuna mazoezi yatakayomfanya mtu kuwa bingwa wake. Mtazamaji aliyesimama nyuma hapati la kujifunza. Ahadi ya fedha imechukua mahali pa ahadi ya ustadi.

Kuchanganya aina hizo mbili ni kosa la zamani la watunga sheria. Jiji la New York lilipiga marufuku mashine za kupigia kitufe mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa kuzihesabu kuwa kamari, na polisi wakazivunja kwa nyundo mbele ya wapigapicha. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1976, Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akatangaza mapema mpira utakapopita, nao ukapita hapo. Ushahidi uliokubalika ulikuwa onyesho la ustadi. Novemba 1981 Rais Ferdinand Marcos alipiga marufuku gemu za video nchini Ufilipino kwa hoja za kulinda vijana, na mji mdogo wa Marshfield huko Massachusetts ulipitisha katazo lake mwaka 1982, ukaliondoa mwaka 2014.

Katika ukanda huu sheria zipo. Rwanda ina sheria ya michezo ya kamari iliyotiwa saini Desemba 2011. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi inayoisimamia. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2016. Na Kenya, ambayo sheria yake ya awali ni ya mwaka 1966, iliendesha mwaka 2018 msako ambao mashine nyingi za kamari ziliteketezwa. Istilahi ya Kiswahili ina faida hapa. Kiingereza cha sheria hutumia neno lilelile kwa gemu na kwa kamari. Kiswahili cha Tanzania kimesema wazi michezo ya kubahatisha, yaani ile ambayo bahati ndiyo inayoamua. Tafsiri za sheria katika Jumuiya zikiufuata usahihi huo, afisa wa sekta atakuwa na kipimo. Zisipoufuata, msako unaoanza kwa ikiryabarezi utaishia kwenye kibanda cha gemu, kwa kuwa vyote viwili vina vijana, kelele na sarafu.

Hasara ya mkanganyiko huo haitabebwa sawasawa. Kijana mwenye simu janja ataendelea kucheza peke yake, na kubeti kwa simu hiyohiyo, mbali na jicho la jirani. Asiye nayo atapoteza mahali pa kukaa na wenzake. Anayebaki na faida ni biashara ya kamari, ambayo imekwisha kuhamia kwenye simu na haihitaji tena kasha dukani.

7. Hitimisho

Makala yameonesha kuwa hamu ya majumba ya gemu, ikisomwa kutoka Gihundwe, ni dai kuhusu mahali pa umma ambapo kijana mwenye fedha kidogo aliweza kushindwa bila kufilisika, kujifunza kwa kutazama, na kuonekana na wenzake akifanya jambo kwa ustadi. Dai hilo lina dosari zake: liliwasahau wasichana, lilifunika asili ya mashine, na halikutofautisha gemu inayolinda raia na gemu inayowafanya mandhari. Lakini ni dai halali, na majina ya mitaani ya mashine za kamari yanathibitisha kuwa jamii inaelewa kilichopotea.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kanuni za wilaya na sekta zitenganishe kwa maandishi mashine inayolipa fedha na mashine inayouza muda wa kucheza. Kibanda kisimamiwe kwa saa za kufunguliwa, umri na usalama, na kisiwekwe katika kundi moja na kamari. Pili, vituo vya vijana na maktaba za umma vipewe jukumu la kuweka gemu za pamoja, pamoja na igisoro na bao, kwa saa zinazowafaa wasichana pia. Tatu, historia ya simulizi ya vibanda ikusanywe kwa Kiswahili na Kinyarwanda pande zote mbili za Ruzizi, wakati walioviendesha bado wapo.

Pendekezo la tatu ndilo la haraka zaidi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 na wakfu unaohifadhi historia ya gemu ulibaini kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Gemu za bunduki ya mwanga ziko katika hatari zaidi. Bunduki ya plastiki ilitambua shabaha kwa kunusa mmweko wa runinga ya chogo. Mbele ya kioo bapa cha leo haioni kitu, hata kaseti ikiwa nzima. Kama hiyo ndiyo hali ya gemu zenyewe katika nchi yenye makumbusho na wahifadhi, hali ya zamu, benchi na maneno ya watazamaji wa Kamembe na Bukavu, ambayo hayakuwahi kuandikwa popote, ni tete kuliko hapo. Programu za kompyuta zinaweza kuifufua Space Invaders kwa usahihi wa kila nukta. Kanuni za kungoja zamu katika kibanda zitajulikana kwa wajao endapo tu wale waliozifuata wataulizwa, na majibu yao kuandikwa.